Zablon Khisa Masinde, Sauti ya Sinema za Heroe

*Wasifu unaosomwa na shemeji yake, Hiram Wamalwa, kwa niaba ya familia. Makaburi ya Nakuru, Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1958.*

Ndugu, jamaa na marafiki, karatasi hii ilistahili kuandikwa miaka thelathini kuanzia leo, na wajukuu, kwa mkono uliotulia. Badala yake imeandikwa na watu ambao bado wakisikia mlango ukifunguliwa wanageuza kichwa. Ijumaa ya wiki jana Zablon alikuwa sokoni hapa Nakuru akibishana na mama mmoja wa Kuresoi juu ya viazi, wote wawili wakicheka. Jumamosi hayupo. Tunatanguliza neno marehemu mbele ya jina lake na linakataa kukaa.

Zablon Khisa Masinde alizaliwa tarehe 14 Machi 1916 katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, hapa hapa Nakuru. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Masinde, aliyekuwa akichochea moto wa injini za gari moshi, na Mama Nekoye. Kwao asili ni Kimilili, na kila likizo alipelekwa huko kwa babu yake mzaa baba. Babu huyo alikuwa msemaji wa matanga, yule mzee ambaye baada ya maziko hutembea mbele ya waombolezaji na fimbo yake akieleza ukoo ulikotoka na unakokwenda. Akishaanza, hakuna mtu anayeruhusiwa kuinuka wala kumkatia njia. Akinyamaza, watu wote hunyamaza naye hata kama mvua inawanyeshea. Zablon mdogo alimfuata babu huyo toka boma hadi boma, na wazee walisema mtoto huyu hachezi na wenzake kwa kuwa ameshapata mchezo wake.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1926 hadi alipomaliza darasa la nne. Mwalimu wake aliwahi kumlalamikia Mzee Masinde kwamba kijana akipewa ukurasa asome, anausoma vizuri, kisha anaendelea kusoma mambo ambayo hayamo. Mzee Masinde aliuliza kama hayo mambo yalikuwa mabaya. Mwalimu akakiri kwamba hapana, darasa zima lilitaka kujua yanaishia wapi.

Mwaka 1934 aliajiriwa kwenye karakana ya reli, kuosha injini. Mwaka 1941 akaingia jeshini, na huko wakubwa waligundua mdomo wake, wakamweka kwenye kikosi cha kuwaonyesha askari sinema. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Zablon alisimama kando ya kitambaa cha picha akawaeleza wenzake kwa Kiswahili nani anampenda nani, nani ni mwizi na nani atajuta. Aliachiliwa mwaka 1946 akarudi karakana akiwa mzima, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Tulidhani mauti yalikuwa yamempita.

Sasa tuseme habari za Heroe, maana huwezi kueleza maisha ya Zablon ukaiacha Heroe nje.

Mwaka 1949 Bwana Devshi, mwenye duka la mbao hapa mjini, alinunua lori kuukuu la jeshi pamoja na mashine ya sinema, akaipa biashara hiyo jina la Heroe, akamtafuta mtu wa kuzungumza. Heroe ni yule ndege mwekundu wa ziwa letu, na Bwana Devshi aliagiza achorwe ubavuni mwa lori. Mchoraji alimpa shingo nene kupita kiasi, na watu wa Kariandusi wakaliita lori la bata hadi mwisho wake. Onyesho la kwanza lilifanyika huko Kariandusi, kwenye kambi ya wachimbaji wa udongo mweupe, shuka ikiwa imefungwa katikati ya nguzo mbili. Wachimbaji walikuja moja kwa moja kutoka kazini, weupe wa vumbi toka nywele hadi viatu, wakaketi chini. Zablon alisimama kando ya shuka akiwa na fimbo aliyoachiwa na babu yake. Kutoka hapo lori lilizunguka mashamba ya Ndabibi, likapanda hadi Kuresoi, likarudi, na kila lilipofika lilikuta watu wameshakaa.

Mwaka 1950 Bwana Devshi alijenga ukumbi wa Nakuru. Mwaka 1951 akafungua Naivasha na Gilgil, na mwaka 1952 Molo. Kumbi nne katika miaka mitatu, na ndege mwekundu juu ya kila mlango, sasa akiwa na shingo yake halali. Kulikuwa na wasimulizi wengine katika kumbi hizo, lakini watu walikuwa wakiuliza kwanza, "Leo ni Mzee Khisa?" Wakiambiwa siye, wengine walirudi nyumbani.

Zablon alikuwa na namna yake. Hadithi ikifika pale penye moto, alinyamaza. Aliketi kwenye kiti chake kando ya kitambaa, akalaza fimbo magotini, akainamisha kichwa, na picha ikaendelea peke yake. Hapo usikohoe. Usiinuke. Mtu akiinuka, Zablon alimtazama, na asingesema neno lingine hadi mtu huyo arudi kuketi na aibu yake. Alipotaka aliinuka, akaeleza yote kwa sentensi mbili, na ukumbi ukalipuka. "Nikinyamaza ndipo ninafanya kazi," alikuwa akisema. "Kuongea, hata redio inaongea." Kipketer, mwendesha mashine wake wa miaka yote, alikuwa na agizo moja tu: mashine isisimame kwa sababu yoyote mpaka rili, ule ukanda wa picha, iishe.

Wapo hapa watu wa Molo ambao hawatatusamehe tusipolitaja lile la rili. Filamu moja ilikuwa ikihudumia kumbi mbili, mikebe ya rili ikitumwa kwa gari moshi, na siku moja mkebe wa mwisho ukatangulia kufika Molo. Ukumbi umejaa, watu wanagonga sakafu kwa miguu. Zablon akamwambia Kipketer aweke hiyo hiyo. Kijana wa filamu akaoa, akalia, akazeeka, ndipo mkebe wa kwanza ukawasili naye akaonekana anazaliwa. Zablon hakutikisika. Aliwaambia watu kwamba hayo ya mwanzo yote yalikuwa ndoto ya mama mtu alipokuwa mjamzito. Molo walitoka wakipangusa machozi. Wiki iliyofuata baadhi yao waliiona filamu hiyo hapa Nakuru ikiwa imepangwa sawasawa, wakamwendea Bwana Devshi kumshtakia kwamba Nakuru wameiharibu.

Kisha ikaja Oktoba 1952, serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Tunajua wote yaliyotokea, na wengine waliopo hapa yaliwapata. Jioni zikafungwa na kafyu. Watu waliokuwa wakikaa kwenye madawati yetu wakapakiwa malorini na kupelekwa mbali. Zablon alikuwa akirudi nyumbani anakaa bila kula, kwa kuwa alijua nani alikuwa akikaa wapi, na aliona safu zikibaki wazi. Gilgil ikafungwa mwaka 1953. Naivasha ikafuata. Bwana Devshi alikuwa ameshaamua kurudi kwenye mbao zake wakati Zablon alipomwendea dukani.

"Bwana, kafyu imekataza usiku. Mchana haijakataza."

"Mchana iko jua," Bwana Devshi akamjibu. "Sinema gani ya jua, Khisa?"

"Tuzibe madirisha na magunia."

Wakayaziba. Ukumbi ulinuka mahindi kwa miaka, lakini kuanzia mwaka 1954 maonyesho yote ya Heroe yalikuwa ya alasiri, na watu wakarudi. Gilgil ikafunguliwa tena, Naivasha ikafunguliwa tena, na mwaka 1955 ikaongezwa Elburgon. Kumbi tano. Zablon ndiye aliyewekwa kuwa mkubwa wa wasimulizi wote, na tulimtania kwamba sasa mshahara wake ni wa kunyamaza.

Hatutaficha kwamba bahati iligeuka. Mwaka 1957 mjini kulifunguliwa ukumbi mpya wa kisasa, wenye viti vya kitambaa na sauti inayotoka kila upande. Vijana waliosoma walisema wanaisikia filamu wenyewe, hawahitaji mzee wa kuwaelezea huku muziki ukipigwa. Elburgon ikafungwa, kisha Gilgil, Naivasha na Molo. Mwezi Juni mwaka huu ulikuwa umebaki ukumbi mmoja, huu wa Nakuru, ule wa kwanza, na Bwana Devshi akasema ataufanya ghala. Zablon alimwomba Jumamosi moja tu. Ukijaa, usifungwe. Bwana Devshi alisema, "Mimi nasikia wewe, Khisa, lakini viti tupu hapana sikia." Halafu akakubali.

Tumewatangulizia hayo ili mjue jambo hili lilimgusa kiasi gani. Kwa Zablon ukumbi ule haukuwa kazi ya kula ugali. Alisema siku ukifungwa atakuwa bubu mwenye afya nzuri. Kwa hiyo mwezi wote wa Julai alizunguka, Kariandusi, Ndabibi, Molo, kwa miguu na kwa baiskeli ya kuazima, akiwaalika watu kama anayeoza binti.

Zablon alifunga ndoa na Truphosa Nabalayo, dada yake Hiram anayewasomea, tarehe 20 Desemba 1947, katika kanisa letu hapa Nakuru. Wazee wa kanisa walikuwa na shaka na mtu wa sinema. Truphosa alikuwa na shaka nyingine kabisa. Tangu utoto hakuweza kuvumilia hadithi asiyoijua mwisho. Wakati wa uchumba Zablon alimsimulia filamu moja akaikatiza pale penye moto kwa mazoea yake, akaenda zake, na Truphosa akamfuata hadi karakana ya reli, mbele ya wanaume wote, kudai mwisho. Baada ya ndoa wakapatana. Kila Ijumaa asubuhi Zablon aliitazama filamu ya Jumamosi peke yake ukumbini, Kipketer akiwa kwenye mashine na macho yake kwenye moto wa taa ya mashine, hana habari na picha. Saa ya chakula Zablon alimwambia Truphosa mwisho, na kumwonyesha mahali atakaponyamaza. Hakumwambia mtu mwingine yeyote duniani. Truphosa naye Jumamosi alikaa safu ya tatu akitabasamu wakati wengine wanauma kucha. Waliishi hivyo kwa amani miaka yote ya Heroe, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mahali hapa katika wasifu wa watu wengine huandikwa ugonjwa: aliugua nini, alilazwa wapi, nani alimuuguza. Sisi hatuna la kuandika. Zablon hakuugua. Hakulala hospitali hata siku moja maishani mwake. Ijumaa tarehe 8 alikula viazi vile vya Kuresoi, akaomba aongezewe, akamwambia mkewe habari ya filamu. Kijana anarudi nyumbani kutoka vitani kwa miguu, na mama yake haijui sura yake tena. "Nitanyamaza mlangoni," alisema, "mama akishika komeo." Akamwambia na mwisho wake. Akalala usingizi mzuri.

Jumamosi tarehe 9 Agosti ukumbi ulijaa. Wa Molo walikuja kwa gari moshi, wa Kariandusi kwa lori, na madawati yalipokwisha watu walikaa sakafuni hadi miguuni pa kitambaa. Bwana Devshi alisimama nyuma, mikono kifuani. Zablon alikuwa na sauti yake ya zamani ile ya shuka na nguzo mbili. Filamu ilipofika pale kijana yuko ukingoni mwa mto, alisema, "Sasa anavua viatu. Maji yenyewe ni baridi." Akaketi kwenye kiti chake, akalaza fimbo magotini, akainamisha kichwa.

Ukumbi wote ukanyamaza. Watu walikuwa wamefundishwa.

Yanayofuata dada yetu Truphosa ametuomba tuyasome, tusiyafiche. Katika ukumbi ule mzima mtu mmoja tu alijua kwamba mahali pa kunyamaza si mtoni. Truphosa aliinuka. Kutoka nyuma mtu akasema, "Mama, kaa chini! Mzee amenyamaza, hujui kazi yake?" Mwingine akasema, "Wewe mama utatuharibia!" Akamtazama mumewe, na mumewe alikuwa ameketi kama alivyoketi siku zote. Akautazama ukumbi, umejaa mpaka mlangoni. Aliwaza kwamba labda Zablon amebadilisha mawazo, na kwamba hii ndiyo siku ambayo asingependa mtu yeyote ainuke.

Akaketi.

Kijana akavuka mto. Akapanda kilima. Akafika mlangoni, na mama akashika komeo, na hakuna sauti iliyosikika. Rili ikaisha, taa zikawashwa ili Kipketer abadilishe mkebe, na watu wakapiga makofi. Walisimama wakapiga makofi, maana hawakuwahi kungojeshwa namna ile. Zablon hakuinua kichwa. Fimbo ikaanguka sakafuni ikabingirika hadi kwa watu wa Kariandusi waliokaa mbele, na mmoja wao akaiokota akamrudishia, akamgusa mkono.

Hatujui la kusema juu ya makofi yale. Tumeyazungumza wiki nzima na bado yanatuziba masikio. Mamia ya watu waliompenda walimtazama akifa, wakamstahi kwa kutojongea. Daktari alisema ni moyo, ulisimama mara moja, na kwamba hata angekimbiliwa pale pale isingesaidia kitu. Tunamshukuru daktari kwa kulisema hilo mbele ya Truphosa.

Bwana Devshi alikuja matanga siku ya Jumapili, akavua viatu mlangoni, akakaa na wazee. Alipoondoka alisema, "Hall lijaa. Mimi naona na macho yangu. Maneno yangu na Khisa ni maneno." Ukumbi haufungwi. Lakini ukumbi bila msimulizi ni ghala tu lenye madawati, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kipketer hajaugusa mkebe wa mwisho. Usiku wa matanga watu walikuwa wakija kutoa pole, na baada ya pole wakiuliza kwa sauti ya chini, kwa aibu, "Lakini yule kijana, mama alimfungulia?" Hatukukasirika. Sisi wenyewe tulikuwa tukiulizana. Jumanne Truphosa, ambaye hakuwa amesema lolote tangu Jumamosi, aliwasikia akatoka jikoni.

"Nitawaambia," alisema. "Si hapa. Nitawaambia pale pale."

Wazee wa ukoo waliokuja kutoka Kimilili waliulizwa juu ya jambo hilo. Mkubwa wao akasema fimbo haiwezi kushikwa na mjane, itangoja mwana wa marehemu akue, ila baada ya siku za kunyolewa nywele za msiba kupita, yeye haoni mwiko wowote wa mwanamke kumalizia maneno ya mume wake. Bwana Devshi ameomba filamu isirudishwe kwa wenyewe Nairobi kwa sasa, na amekubaliwa.

Marehemu ameacha mjane, Truphosa Nabalayo. Watoto wake Nekoye, Masinde na Nafula. Mama yake mzazi, Mama Nekoye, ambaye yuko hapa na hakutegemea kumzika. Shemeji yake Hiram na jamaa wote wa Kimilili na Nakuru. Rafiki yake Kipketer. Bwana Devshi na nyumba yake. Na watu wa Kariandusi, Ndabibi, Kuresoi, Elburgon, Gilgil, Naivasha na Molo ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja.

Jumamosi tarehe 30 Agosti, saa tisa alasiri, mnakaribishwa nyote ukumbini Heroe. Filamu itaanzia mtoni. Kiti cha Zablon kitakuwa mahali pake, na hakuna atakayekikalia. Truphosa ataanza akiwa safu ya tatu, kama kawaida yake. Picha ikifika pale kijana anapovua viatu, yeye atainuka.

Tafadhali, safari hii asiwepo mtu wa kumwambia akae chini.

Nawe Zablon, Mungu akupe pumziko lako. Ukumbi haufungwi.